Tuambieni ni tunda lipi, na siku gani

Mhariri,

Makala yenu ya afya ya Jumapili iliyopita, ile ya vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana ambavyo madaktari huviita polipu, niliisoma nikiwa gengeni, nikairudia usiku nyumbani. Imeandikwa vizuri. Lakini ilipomfikia mgonjwa ambaye tayari ametolewa vinyama hivyo, mwandishi alimalizia na mstari mmoja tu: ale matunda na mboga kwa wingi. Basi, ukurasa ukaishia hapo, chini yake tangazo la viwanja.

Mgonjwa huyo ni mimi. Tena nauza matunda, Ngamiani hapa Tanga, biashara niliyoachiwa na marehemu mama. Na karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitali ilisema kinyume cha makala yenu: niepuke matunda yenye nyuzinyuzi, mbegu na maganda. Mtu mwenye karatasi mkono mmoja na gazeti mkono wa pili ashike lipi? Yote mawili ni kweli, kila moja kwa wakati wake. Ila hakuna aliyetaja wakati, wala hakuna aliyelitaja tunda kwa jina.

Nianze na kidonda chenyewe, maana makala ilikiruka. Daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa. Akikiona kinyama hukinasa kwa kitanzi cha waya na kukikaza mpaka kikatike. Vile vidogo, chini ya sentimita moja, siku hizi hukatwa mara nyingi kwa waya mtupu, bila umeme. Kikubwa hupitishiwa umeme ili mishipa ya damu iungue na kufunga. Panapounguzwa hubaki gamba, na gamba hilo hubanduka siku kadhaa baadaye. Ndiyo sababu damu inaweza kutoka hata wiki ya pili, mtu amekwisha kujiona mzima na amerudi kazini. Mimi nilikuwa na kimoja kikubwa na vingine vidogo. Nilikatazwa kunyanyua matenga, nikakatazwa dawa za maumivu za jamii ya aspirini na diklofenaki mpaka niulize kwanza, nikaambiwa nikiona damu nyingi au mabonge, choo cheusi, homa, au tumbo likiuma na kuwa gumu, nisingoje asubuhi.

Jirani yangu wa meza ya ndizi naye alitolewa, lakini chake kilikuwa kimoja kidogo. Siku ileile alikula wali na mchuzi, kesho yake akamenya chungwa. Aliponiona mimi nakunywa uji laini na papai tupu akaniambia najidekeza. Hakukosea kwa upande wake, na mimi sikukosea kwa wangu. Vidonda vyetu havikulingana. Kwa hiyo la kwanza ambalo makala ingemwambia msomaji ni kwamba amuulize daktari: chako kilikuwa na ukubwa gani, na kilikatwa kwa umeme au bila umeme? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama utarudi kwenye chakula chako kesho au baada ya siku kadhaa.

Sasa ile karatasi. Hospitali siitaji, kwa sababu walinihudumia vizuri na wauguzi wake ni watu wa heshima. Lakini orodha yao! Matunda yaliyoruhusiwa: pichi za kopo, pea za kopo, tufaha lililomenywa na kupikwa. Yaliyokatazwa: beri za aina zote, plamu kavu, zabibu kavu. Pichi na plamu nazijua, hushuka kutoka Lushoto msimu wake nami huzipanga mezani, lakini za kopo hukaa kwenye rafu za supamaketi na bei yake hainihusu. Papai halimo. Embe halimo. Ndizi imetajwa bila kuambiwa kama ni mbivu au mbichi. Pera, lenye mbegu kuliko tunda lolote ninalouza, halimo kabisa, na mgonjwa wa Tanga akitafuta tunda la bei ndogo atakimbilia pera. Karatasi hiyo ilitafsiriwa kutoka kwa watu wanaokula vitu vingine.

Niliporudi kuchukua majibu ya maabara nilimwambia daktari, mwanangu, mimi nitakutajia matunda kama ninavyoyapanga mezani, wewe niambie ndiyo au bado. Alicheka. Alipoona nimetoa daftari akavuta kiti. Alikuwa kijana mwenye subira, na nikiri kwamba foleni nje ilininung'unikia. Haya ndiyo niliyoandika.

Papai bivu ni la kwanza, siku zilezile za mwanzo. Limenywe, mbegu zote zikwanguliwe. Wapo wanaomeza mbegu za papai kutafuta dawa ya minyoo, wangoje. Ndizi mbivu, kisukari au nyingine yoyote iliyoiva hasa, sawa. Iliyovundikwa ikapata rangi nje huku ndani bado inakaza mdomo, hapana, kwa sababu hiyo hufunga choo. Mwenye kidonda cha utumbo hatakiwi kujikamua chooni, na vilevile hatakiwi kuharisha. Hapo ndipo papai na ndizi vinaposaidiana, kimoja hulegeza na kingine hushika, na mtu akijua tumbo lake huchanganya mwenyewe.

Tikiti maji halina nyuzinyuzi za kutisha, ni maji matupu. Mbegu zitolewe. Ila lina wekundu, na hapa daktari aliweka kalamu chini akanitazama. Alisema katika siku hizi za kungojea kuona kama damu itatoka, usile wala kunywa kitu chenye rangi nyekundu au zambarau, utajitisha bure au, vibaya zaidi, utaona damu ya kweli useme ni tikiti. Hapohapo nikakumbuka rozela. Mitaani kwetu juisi ya rozela iko kila kona, nyekundu kama wino, na mgonjwa huletewa kama zawadi ya kuongeza damu. Kwenye karatasi ya hospitali neno rozela halipo. Haupo ubuyu wa rangi, hayapo zambarau, wala hakipo kiazisukari chekundu, yaani bitiruti. Mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa lazima aambiwe hili kabla hajaingia na chupa.

Embe linategemea ni embe gani, na msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa hilo. Lile ambalo ukimaliza kula unatafuta kijiti cha meno, ngoja. Lile laini lisilo na nyuzi, lililoiva, limenywe, liliwe kidogo. Ni kidogo kwa sababu tumbo lililopulizwa hewa wakati wa kipimo huwa bado limejaa, na embe jingi huzidisha gesi. Embe bichi la chumvi na pilipili sikuuliza, nilijua jibu.

Chungwa ndilo lililonifurahisha, kwa kuwa mimi na Muheza ni ndugu, nusu ya meza yangu katikati ya mwaka ni machungwa ya kule. Kila aliyekuja kunijulia hali alinionya nisiguse chungwa wala ndimu, eti ukali utachoma kidonda. Daktari akasema tumbo lenyewe lina asidi kali kuliko ndimu, na hiyo huzimwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kwa hiyo ukali wa chungwa haufiki kule kwenye kidonda. Tatizo la chungwa ni makapi na ile ngozi nyeupe. Kamua, chuja, kunywa. Baadaye ndipo ule na nyama zake. Chenza na danzi ni hukumu hiyohiyo.

Balungi lina kesi nyingine isiyohusu utumbo. Huvuruga kazi ya baadhi ya dawa, zikiwemo nifedipini ya shinikizo la damu na simvastatini ya kushusha mafuta mwilini, dawa hujilimbikiza katika damu kuliko kipimo. Kwa umri wetu, anayetolewa polipu mara nyingi ana vidonge vingine kwenye mkoba. Tangu siku hiyo mteja mzee akinunua balungi kwangu namuuliza anatumia dawa gani. Wengine hukasirika.

Nanasi, bado. Fenesi, bado, kwa nyuzi na kwa gesi. Nazi iliyokomaa, bado. Maji ya dafu, ndiyo, tena kwa raha. Parachichi ni laini mdomoni na watu hudhani ni chakula cha mgonjwa, kumbe lina nyuzinyuzi nyingi kuliko matunda mengi matamu. Linaweza kuliwa kijiko kijiko baada ya siku za mwanzo, si zima zima. Stafeli na topetope, mbegu zake ni kubwa, zinatoka kirahisi, lakini nyama yake ina nyuzi, chuja juisi. Shokishoki hupita ukitema kokwa lake. Pera, pasheni na komamanga vilipewa mstari wa peke yao chini kabisa.

Nikamuuliza kwa nini mbegu ndogo zinaogopwa hivyo, je, hunasa kwenye kidonda? Alinijibu kwa unyofu nilioupenda. Alisema sababu yenye uhakika zaidi ni ya kabla ya kipimo: mbegu za pera na pasheni hubaki utumboni hata baada ya ile dawa ya kuharisha, huficha vinyama na kuziba mfereji wa mpira wa kamera. Baada ya kukatwa, kuzikataza kwa siku chache ni tahadhari, si jambo lililothibitishwa. Usiku huo nililala nikiwa nimetulia, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kusikia hadithi za mbegu moja iliyoota tumboni.

Kuna jambo moja hakuniambia daktari, nalisema mimi kwa kuwa najua soko. Mgonjwa asile matunda yaliyokatwa barabarani, vile vikombe vya papai na nanasi vyenye kijiti juu. Si kwamba wenzangu ni wachafu. Ni kwamba kisu kimoja kinamenya tangu asubuhi, maji ya kukioshea ni ya ndoo moja, na inzi hawalipi kodi. Kwa mzima ni kuharisha siku moja. Kwa mwenye kidonda kipya kwenye utumbo ni safari ya kurudi wodini. Nunua papai zima, kakate kwako.

Hayo ni ya siku za mwanzo. Daktari alipoona nimepona, maneno yake yakageuka, na hapo ndipo mstari wenu wa "kwa wingi" unapopata nafasi yake. Niliambiwa nirudishe nyuzinyuzi polepole, huku nikinywa maji ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mwenye kisukari apange na daktari wake, maana ndizi na embe vina sukari, havijali kwamba umetoka kukatwa. Yale yaliyokuwa yamekatazwa ndiyo yakawa bora. Katika gramu 100, tikiti maji halifiki gramu moja ya nyuzinyuzi, papai lina karibu mbili, pera lina zaidi ya tano, na pasheni ukila na mbegu zake inafika kama kumi. Tunda lililokaa mkiani sasa likawa kichwani. Mgonjwa asiyeelezwa hili atafanya moja kati ya mawili: atakula mapera siku ya pili, au ataogopa mapera maisha yake yote. Wa aina hii ya pili nawafahamu, wapo wateja wangu ambao miaka imepita na bado hununua ndizi tu.

Lakini naomba gazeti lisituvushe upande wa pili wa mto kwa kutuambia kwamba matunda yatazuia vinyama kurudi. Mimi ningependa iwe hivyo, ningefungua genge la pili. Mpwa wangu anayesomea udaktari alinisomea utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2000. Walichukua watu zaidi ya 2,000, wote wametolewa polipu, wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja lilifundishwa kula mafuta kidogo, na matunda, mboga na nyuzinyuzi kwa wingi. Fungu la pili liliachwa na chakula chake cha kawaida. Miaka minne hivi baadaye wakachunguzwa: pande zote mbili karibu watu 40 katika kila 100 walikuwa wameota vinyama vipya. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mpwa wangu hakuniacha nikate tamaa. Alinieleza habari za Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko miaka mingi. Huyo aliona kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ya kawaida kwao Uingereza, ilikuwa adimu kwa watu wa vijijini huku kwetu, na mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula chenye nyuzinyuzi. Burkitt alikuwa anazungumzia ulaji wa maisha, tangu utotoni, na kinyama huchukua kama miaka kumi au zaidi kugeuka saratani, si minne. Kwa hiyo yeye na wale Wamarekani wanaweza kuwa wakweli kwa pamoja. Ninachotoa hapo mimi ni kwamba mjukuu wangu ale mapera leo, nami nirudi kupimwa. Na soseji za kwenye chipsi tupunguze; tangu 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani ya utumbo.

Kurudi kupimwa. Makala haikugusa kabisa, na ndilo lenye uzito kuliko matunda yote niliyotaja. Aliyetolewa kikubwa kwa kawaida hurudishwa baada ya miaka mitatu. Aliyetolewa kimoja au viwili vidogo anaweza kupewa miaka saba hadi kumi. Mimi nitapanda basi tena, Segera, Chalinze, mpaka Dar es Salaam, na nauli ninaiweka kidogo kidogo kwenye kibubu. Wakati huohuo, kila wiki hapa sokoni hupita kijana mwenye kipaza sauti na chupa za "kusafisha utumbo", za mchanganyiko wa nanasi, tangawizi na shubiri, anasema zinayeyusha vinyama, bawasiri na nguvu za kiume sijui zimeingiaje humo. Nanasi ananunua kwangu. Najua linavyoingia kwenye ndoo yake, na najua haliyeyushi kitu. Mwenye kuona damu chooni akajiambia ni bawasiri, akanunua chupa, huyo ndiye ninayemwogopea, kwa sababu saratani hii si ya wazungu pekee: mwaka 2022 walioipata duniani walikuwa takriban milioni 1.9, na zaidi ya laki tisa walikufa.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo na linawezekana. Kazi ngumu imekwisha kufanywa. Tangu mwaka 2008 yapo majedwali ya vyakula vya Tanzania, yaliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, yenye vipimo vya virutubisho vya vyakula vyetu wenyewe, nyuzinyuzi zikiwemo. Yako kwa Kiingereza na muuguzi wa wodi hawezi kumpa mgonjwa kitabu kizima. Mwandishi wenu wa afya akae na mtaalamu wa lishe na daktari wa utumbo, watoe nusu ukurasa. Upande mmoja matunda kwa majina tunayoitana nayo sokoni, papai, embe, pera, fenesi, stafeli, balungi, zambarau, na rozela hata kama si tunda la kutafuna. Upande wa pili: siku za mwanzo ndiyo au hapana, limenywe au lichujwe, lina wekundu au halina, na linarudi lini. Chini waandike dalili za hatari na nafasi ya kujaza tarehe ya kurudi kupimwa. Hospitali zikipenda zikate zitoe nakala. Waandike kwa herufi kubwa. Wengi wetu tunaosoma karatasi hizo tumeacha miwani nyumbani.

Na kama mwandishi atahitaji mtu wa kumwonyesha tofauti ya ndizi iliyoiva na iliyovundikwa, genge langu liko wazi tangu alfajiri, isipokuwa Ijumaa mchana.

Muuza matunda,
Ngamiani, Tanga